Tusimwangalie mvulana peke yake

Bonasi ya majani chai huingia Oktoba, na muda mfupi baadaye shule hufungwa kwa likizo ndefu. Pesa ziko nyumbani, watoto wako nyumbani. Hapa Kericho, kama kwa majirani wetu wa Bomet, mzazi huanza kumchunga mvulana: amerudi saa ngapi, anaandamana na nani, ananuka busaa au la. Msichana huachwa, kwa kuwa "huyo hana shida."

Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa mtu 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya, na wanaume ni wengi zaidi. Basi kumchunga mvulana si kosa. Kosa ni kuishia hapo.

Ndani ya ubongo mna sehemu zinazotupa raha. Tukila vizuri au tukisifiwa, kemikali iitwayo dopamini huongezeka humo, na ubongo hujifunza kutaka tena. Pombe, bangi na sigara huchochea sehemu hizo hizo, kwa nguvu zaidi. Katika ujana huwa nyepesi sana kuchochewa, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari na kutuzuia, huendelea kukomaa hadi mtu afike miaka 25 hivi.

Tofauti ya jinsia huingia hapo. Msichana hubalehe mapema, kwa mwaka mmoja au miwili. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa homoni ya kike, estrojeni, huongeza nguvu ya dopamini. Mwili wake pia una maji machache, kwa hiyo kikombe kile kile cha chang'aa humlevya zaidi. Imeonekana mara nyingi kwamba wanawake wanaokunywa hufika kwenye uraibu kwa muda mfupi kuliko wanaume, hata kama walianza wakiwa wamechelewa. Hizi ni tofauti za wastani tu. Wapo wavulana wanaonaswa haraka kuliko dada zao.

Sababu nazo hutofautiana. Mvulana mara nyingi huanza kwa kutafuta msisimko au kuwaridhisha wenzake, na fujo zake huonekana sokoni. Msichana mara nyingi hutafuta kupunguza wasiwasi au huzuni, na hunywa kwa siri. Kwake, angalia ukimya wa ghafla, usingizi uliovurugika, alama zinazoshuka, pesa ndogo ndogo zinazopotea. Muulize kwanza kinachomsumbua, kabla ya kumuuliza alichokunywa. Ukianza na fimbo, atajificha zaidi.

Sheria ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Anayewauzia watoto aripotiwe kwa chifu au kituo cha polisi. Kwa ushauri, piga simu ya NACADA, 1192, bila malipo, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.