Je, Wajua? Kichocho Kina Saa Yake

Je, wajua kuwa ziwa lenye kichocho huwa na hatari kubwa zaidi saa sita mchana kuliko alfajiri? Maji ni yaleyale na konokono ni walewale. Kinachobadilika ni jua. Lava wa minyoo ya kichocho hukaa ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, na mwanga ndio unaowatoa. Jua likishapanda, konokono mmoja aliyeambukizwa huweza kumwaga mamia ya lava kwa siku, wakati mwingine maelfu, na wengi wao hutoka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hizo ndizo saa za kufua, za kuosha vyombo na za watoto kujitosa majini. Wala hilo si bahati nasibu.

Ushahidi uko Oman. Huko Dhofar watafiti wamekuta kichocho cha tumbo ambacho lava wake hutoka usiku, kwa sababu huko panya nao hubeba minyoo hiyo, na panya hutembea usiku. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, wapo wanaotoka jioni kwa sababu hiyohiyo. Penye watu lava hutoka mchana, penye panya hungoja giza. Kila aina imeshika ratiba ya mwenyeji wake.

Lava mwenyewe hafiki hata milimita moja. Ana mkia uliogawanyika ncha mbili kama wa mbayuwayu, na hali chochote: anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwa konokono, na ikiisha baada ya siku moja au mbili, naye amekwisha. Ndiyo maana maji yaliyotekwa ziwani yakakaa ndooni siku mbili bila konokono hayaambukizi tena kichocho (kuyanywa ni habari nyingine, yachemshe). Akigusa ngozi, huuacha mkia nje na kupenya ndani kwa dakika chache. Huhitaji kuwa na kidonda wala kunywa maji. Kutia miguu tu kunatosha.

Ndani ya mwili hupita mapafuni, hukua kwenye ini, kisha hutafuta mwenzi. Dume ana mfereji mrefu mwilini, na jike, mwembamba kuliko yeye, huingia humo akatulia. Wataishi hivyo miaka mitatu, mitano, hata kumi. Wamewahi kupatikana waliodumu zaidi ya miaka 30. Kuna ndoa ngapi za watu zinazofika huko?

Lakini anayeumiza si mnyoo, ni yai. Jike wa kichocho cha tumbo huweza kutaga mayai 300 kwa siku. Mengi yake hayapati njia ya kutoka. Hunasa kwenye ini na utumbo, au kwenye kibofu ikiwa ni kichocho cha mkojo, na mwili huyazungushia makovu. Miaka ikipita, ini huweza kugeuka gumu na tumbo kujaa maji, au kibofu kupata saratani. Kwa wanawake mayai hukwama hadi kwenye shingo ya kizazi, yakaleta maumivu na damu ambavyo mara nyingi hudhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Wangapi wamelaumiwa bure kwa hilo?

Na hapa saa inarudi tena. Mayai ya kichocho cha mkojo nayo hutoka kwa wingi mchana. Mafundi wa maabara wanalijua hilo, ndiyo maana hupendelea mkojo wa kati ya saa nne na saa nane. Kwa hiyo mtoto anayekojoa majini wakati wa kuogelea huwa anamwaga mayai mengi kuliko saa nyingine yoyote. Yai likishaingia maji baridi huanguliwa, na kilichomo kina saa chache tu za kumpata konokono. Ziwa halizai kichocho lenyewe. Sisi ndio tunaolilisha.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya kichocho kwenye figo za maiti za Misri zilizohifadhiwa kwa takriban miaka 3,000. Mnyoo ulitambuliwa mwaka 1851 na daktari kijana wa Kijerumani aliyefanya kazi Cairo, Theodor Bilharz, ambaye jina lake bado linatumiwa na wengi kuuita ugonjwa huu: bilhazia.

Je, wajua kuwa baharini hakuna kichocho? Konokono wake hawawezi maji ya chumvi. Anayeogelea Nungwi au Diani hana haja ya kukiogopa, ila vijito na mabwawa ya ndani ya Unguja na Pemba ni suala jingine. Huko ni kichocho cha mkojo. Ufukweni mwa Ziwa Victoria kilichotawala ni cha tumbo, lakini ukiingia ndani kidogo, kwenye malambo ya Usukumani, unakutana na cha mkojo tena. Zanzibar, katika juhudi za kukitokomeza, pamoja na vidonge na dawa ya kuua konokono, zilijengwa sehemu za kukojolea na za kufulia karibu na maji. Kwa maoni yangu, hizo zina thamani kuliko mabango kumi ya kukataza watoto kuogelea.

Wala Ulaya haijasalimika. Watu waliooga mwaka 2013 katika mto Cavu, kisiwani Corsica, Ufaransa, walikutwa na kichocho cha mkojo ambacho uchunguzi wa vinasaba uliunganisha na Senegal. Mtu mmoja mgonjwa, mto wenye konokono wafaao, na joto la kiangazi: basi.

Hatari nyingine nazipitia haraka. Ruba huchukiwa bure. Mng'oe kwa ukucha, osha, endelea. Mkojo wa panya unaosombwa na mvua hubeba bakteria wa leptospira, wanaopenya kwenye michubuko na macho. Baada ya mashindano ya mwaka 2000 kwenye mto Segama, Malaysia, makumi ya wanamichezo waliugua. Amiba aitwaye Naegleria fowleri hupenda maji ya uvuguvugu na huingia puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra mno, ila wanaopona ni wachache sana. Na Ziwa Kivu lina balaa lisilo na mdudu kabisa: mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini karibu na Goma na kutuama mabondeni na ufukweni. Haionekani, na anayeinama humo anaweza asiinuke.

Tukirudi kwenye kichocho, kina tiba rahisi: prazikwanteli, vidonge vichungu vinavyotolewa kwa uzito au, shuleni, kwa fimbo ya kupimia urefu. Zamani zilikuwa sindano za antimoni, na Misri iliwachoma mamilioni ya watu kwa sindano zilizorudiwa hadi ikaeneza homa ya ini aina ya C. Udhaifu wa vidonge ni mmoja: haviui minyoo michanga. Ukimeza wiki ileile uliyoogelea, huenda umefanya kazi bure.

Kwa hiyo ukioga ziwani likizo hii, kapime baada ya miezi miwili au mitatu hata kama huumwi. Na wewe unayerudi London au Toronto baada ya kutembelea nyumbani, usingoje daktari akisie. Mtajie ziwa kwa jina, na mwambie ni lini uliingia majini.