Je, Wajua? Mvua ya Mawe na Pepo za Tambarare

Je, wajua kuwa jiwe kubwa zaidi la mvua kupimwa nchini Marekani liliangukia Vivian, mji mdogo wa tambarare za South Dakota, tarehe 23 Julai 2010? Kipenyo chake kilikuwa sentimita 20, uzito gramu 880. Aliyeliokota alilitia kwenye friza, lakini dhoruba ileile ilikuwa imekata umeme, likayeyuka kiasi kabla ya kupimwa. Lilipotua, basi, lilikuwa kubwa zaidi ya hapo.

Je, wajua kuwa barafu hiyo huzaliwa siku za joto? Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa nguvu, ikabeba matone hadi kwenye baridi kali ya juu. Yakiganda, upepo huo huyashikilia angani huku yakizidi kuvikwa barafu, mpaka uzito uushinde upepo. Pasua jiwe kubwa uone: mara nyingi lina pete ndani, kama kitunguu.

Je, wajua kuwa hewa hiyo ikishuka ni hatari vilevile? Mvua na mawe huipoza, ikawa nzito, ikaporomoka na kusambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Mwanasayansi Ted Fujita, mzaliwa wa Japani, aliitambua kwa kutazama miti iliyoanguka: haikulala kwa mzunguko kama baada ya kisulisuli, ilielekea nje kutoka sehemu moja.

Je, wajua kuwa dhoruba za namna hii zikijipanga huitwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya "nyoofu"? Tarehe 10 Agosti 2020 moja ilipita Iowa na kulaza mashamba ya mahindi yasiyohesabika. Mjini Cedar Rapids upepo ulikadiriwa kufikia kilomita 225 kwa saa.

Je, wajua kuwa hayo si ya Marekani peke yake? Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Nyumba za udongo ziliwaangukia watu wakiwa wamelala. Zaidi ya 40 walifariki, watoto wakiwamo. Inaumiza kusema, lakini isemwe: kuta ziliua pamoja na mawe.

Ukiona wingu zito likija na ngurumo, msomaji, usijifiche chini ya mti. Ingia kwenye jengo imara, ukae mbali na madirisha, na uwaite watoto ndani mapema.