Nairobi hadi New York: Kilomita Zile Zile, Saa Tofauti

Kati ya Nairobi na New York kuna kilomita zipatazo 11,800, na tangu Oktoba 2018, Shirika la Ndege la Kenya lilipoanzisha safari ya moja kwa moja baina ya miji hiyo, umbali huo huchukua takriban saa 15 wakati wa kwenda na saa 14 wakati wa kurudi. Swali la ni mbali kiasi gani, basi, halijibiki kwa tarakimu moja.

Kilomita hizo hupimwa kwa duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa tufe. Ramani ya ukutani hupotosha hapa, kwa kuwa rula ikilazwa juu yake kutoka mji mmoja hadi mwingine, katikati ya mstari huangukia baharini karibu na Mauritania, ilhali uzi ukikazwa juu ya tufe la darasani, katikati yake hupita jirani na Marrakech nchini Moroko, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale.

Ndege kubwa huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo kwa hesabu tupu saa 13 na dakika chache zingetosha. Sehemu ya muda unaozidi huliwa na mwendo wa pole uwanjani, kupaa na kushuka, lakini kinachotofautisha kwenda na kurudi ni upepo. Kilomita 9 hadi 12 angani hupita mkondo mwembamba wa upepo mkali, unaozaliwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya tropiki na ya ncha ya dunia, na ambao mzunguko wa dunia huuelekeza mashariki. Anayekwenda Marekani hukabiliana nao, anayerudi husukumwa nao, jambo ambalo manahodha wa majahazi, waliopanga safari kwa kaskazi na kusi, wasingehitaji kuelezwa.

Nairobi ina ugumu wake pia. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mabawa hayainuliwi vya kutosha kwa urahisi, kwa hiyo ndege iliyosheheni mafuta ya saa 15 hunufaika ikiruka usiku, hewa ikiwa baridi na nzito zaidi.

Msomaji atakayekata tiketi akumbuke kwamba saa zilizoandikwa humo ni za kila mji kwa wakati wake. Wakati wa baridi, New York ikiwa nyuma kwa saa 8, anayeondoka Nairobi saa tano usiku hutua saa kumi na mbili asubuhi, kana kwamba ameruka saa 7 tu. Anayeondoka New York saa sita mchana hutua saa nne asubuhi ya kesho yake, kana kwamba ameruka saa 22. Jumla ni 29 kwa vyovyote.