Msasa Ulioziba Humweka Fundi Hatarini

Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, watu hawawezi kuishi bila fundi wa mbao. Kuna mitumbwi ya mtoni, mashua za wavuvi, milango na vitanda. Kazi ya seremala wa huko, kama ya mwenzake wa Mombasa au Nairobi, humalizikia kwenye msasa. Jina hilo ni la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa pwani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kuenea.

Wengi hudhani kwamba vumbi la mbao halina neno, kwa kuwa latokana na mti. Sivyo. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilitangaza kuwa vumbi hilo husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu ya hewa yaliyo kando yake. Ugonjwa huo ni nadra, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Lakini pumu, mafua yasiyoisha na upele huja mapema zaidi. Vumbi la mvule, mti unaopendwa sana na maseremala wetu, lajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua.

Je, msasa wenyewe unahusikaje? Karatasi ya msasa ina chembe kali zilizogandishwa kwa gundi. Chembe hizo zikikata mbao, vumbi linahitaji nafasi ya kupita. Msasa ambao chembe zake zimesongamana huziba upesi, hasa kwenye mbao zenye utomvu kama paini, au juu ya rangi ya zamani. Kuna aina nyingine ambayo chembe zimeachana, zikifunika kiasi cha asilimia 50 hadi 70 tu ya karatasi. Hii haizibi haraka. Nyingine hupakwa tabaka jeupe la jamii ya sabuni ili vumbi lisigandamane.

Msasa ukishaziba haukati tena, bali husugua tu. Mbao hupata moto, fundi hukandamiza kwa nguvu, na kazi ya dakika 10 huwa ya nusu saa. Muda wote huo anavuta vumbi.

Kwa mashine, tazama matundu ya msasa. Yapaswa kulingana na matundu ya mashine, ili vumbi livutwe kabla halijaruka. Yakipishana, mfuko au kivuta vumbi hakitasaidia kitu.

Aidha, fuata namba kwa utaratibu: anza na 80, kisha 120, halafu 180. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi, na vumbi lake ni jembamba zaidi. Ukiruka kutoka 80 hadi 180 utasugua muda mrefu kuondoa mikwaruzo, ukizidi kuvuta vumbi lile jembamba.

Yafaa pia kuzingatia haya:

- Piga msasa mahali penye upepo, ukisimama upande ambao upepo unatokea.

- Badilisha msasa mara unapoacha kukata.

- Vaa barakoa yenye alama ya N95 au FFP2. Leso iliyofungwa usoni haizuii vumbi jembamba.

- Usipulize vumbi kwa pampu ya hewa. Futa kwa kitambaa chenye majimaji.

- Watoto wasicheze karibu na kazi hiyo.

Nawe msomaji unayemwita fundi nyumbani, usione gharama kumnunulia msasa wa kutosha. Na fundi anayeona pua imeziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au inatoka damu mara kwa mara, asingoje. Amwone daktari, na amweleze kazi anayoifanya.