Linda Kichwa, Linda Shingo

Kutoka Musoma hadi Bunda tunapita barabara ya lami. Lakini ukiingia vijiji vya ndani vya Butiama, barabara ni vumbi na mashimo. Mvua ikinyesha ni utelezi. Huko usafiri ni pikipiki.

Mwaka 1935 huko Uingereza, Daktari Hugh Cairns alimhudumia mwendesha pikipiki aliyeumia kichwa. Mtu yule alikufa. Daktari akaanza kuchunguza ajali za namna hiyo. Mwaka 1941 jeshi la Uingereza likaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia ngumu.

Kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimsaidii mtu. Ivae, ufunge mkanda wa kidevuni. Abiria naye avae. Kofia iliyopata ajali isitumike tena, maana sponji yake ya ndani imekwisha bonyea.

Na shingo je? Mtu akianguka, msimwinue haraka. Kama anapumua vizuri, msimvue kofia. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili, kisitikisike. Wengine wamlaze juu ya ubao, kisha watafute gari. Msimkalishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili! Mfupa wa shingo uliovunjika unaweza kukata mishipa ya fahamu. Mtu aliyeanguka akiwa bado anachezesha miguu, anaweza kufika hospitali amepooza.

Haraka yenu isimlemaze mwenzenu.