Chembe za Polima na Tiba ya Macho

Mtu atiaye tone la dawa jichoni mara nyingi huonja uchungu wake kooni baada ya muda mfupi. Wagonjwa hulitaja jambo hilo kama kero ndogo tu, lakini ndani yake mmefichika tatizo ambalo wanasayansi wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 50. Katika pembe ya ndani ya jicho, upande wa pua, kuna vitundu viwili vidogo, kimoja katika kila ukope, ambavyo huyapeleka machozi katika mfereji unaoishia puani. Dawa inayoonjwa kooni ni dawa iliyokwisha kulihama jicho.

Tone moja kutoka katika chupa ya kawaida huwa na ujazo wa mikrolita 30 hadi 50. Mikrolita moja ni sehemu ya elfu ya mililita. Nafasi iliyopo kati ya ukope na jicho haiwezi kubeba zaidi ya mikrolita 30 hivi. Kwa hiyo sehemu ya tone hutiririka shavuni papo hapo, na sehemu nyingine husukumwa kuelekea puani kila mtu apepesapo. Kidogo kinachobaki hakina budi kuipenya konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, wenye unene wa nusu milimita hivi. Tabaka la nje la konea lina asili ya mafuta, na tabaka la kati lina asili ya maji. Dawa iyeyukayo katika maji peke yake huzuiwa na tabaka la kwanza, na ile iyeyukayo katika mafuta peke yake hukwama katika la pili. Mwisho wa safari hiyo, chini ya asilimia 5 ya dawa iliyokuwamo katika tone ndiyo huingia ndani ya jicho, na retina, iliyo nyuma kabisa, haipati karibu chochote. Jicho halifai kulaumiwa. Kazi yake ni kujisafisha vumbi na vijidudu, nalo halina namna ya kutofautisha mchanga na dawa.

Hasara ya hali hiyo huonekana waziwazi katika ugonjwa wa glaukoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Maji ya sehemu ya mbele ya jicho hushindwa kutoka sawasawa, kanieneo ndani ya jicho hupanda, na neva inayopeleka habari za kuona kwenye ubongo hufa polepole bila maumivu. Uwezo wa kuona ukishapotea kwa njia hiyo haurudi tena. Watu wenye asili ya Kiafrika hupatwa na ugonjwa huu mapema kuliko wengi. Dawa zake zipo: pilokapini imetumika tangu karne ya 19, na timololi tangu miaka ya 1970. Lakini mgonjwa hutakiwa kuzitia kila siku, maisha yake yote, kwa ajili ya ugonjwa asiousikia. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulilinganisha matone ya timololi na tiba ya mwali wa leza. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilihesabiwa kuwa imefaulu katika macho 55 tu kati ya 176 yaliyotiwa matone, yaani asilimia 31. Upande wa leza yalikuwa 99 kati ya 163, yaani asilimia 61. Timololi si dawa dhaifu. Ila dawa njema itiwayo kwa tone hutegemea mkono, kumbukumbu na mfuko wa mgonjwa, kisha ishindane na machozi.

Wazo la kuifunga dawa ndani ya kitu kitakachoiachia kidogo kidogo lilijaribiwa mapema. Mwaka 1974 nchini Marekani kulitolewa kifaa kilichoitwa Ocusert, utando mwembamba uliowekwa chini ya ukope na kutoa mikrogramu 20 au 40 za pilokapini kila saa kwa muda wa siku 7. Kilifanya kazi, lakini polima yake haikuweza kuyeyuka, na ilibidi kiondolewe kila wiki. Baadhi ya wagonjwa kiliwadondoka bila wao kujua. Sasa hakiuzwi tena. Hata hivyo, kitu kilicho chini ya ukope huweza kutolewa kwa kidole. Kilichowekwa ndani ya jicho hakitoki ila kwa upasuaji. Ndipo ilipohitajika polima itakayofanya kazi yake na kujiondoa yenyewe.

Madaktari wa upasuaji walikuwa nayo tayari, katika nyuzi za kushonea vidonda ambazo hazihitaji kufumuliwa. Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa molekuli ndogo nyingi, mithili ya shanga zilizotungwa. Katika nyuzi hizo shanga ni asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, zilizounganishwa kwa viungo vya esta. Mwanafunzi wa kemia atakumbuka kwamba maji huivunja esta na kurudisha asidi na alkoholi zilizoiunda. Asidi ya laktiki ndiyo hiyo ambayo misuli huitengeneza mtu anapokimbia kwa nguvu. Mwili unajua kuigeuza kuwa kaboni dioksidi na maji. Aidha, asidi ya laktiki ina kundi la methili ambalo asidi ya glikoliki haina, na kundi hilo huyafukuza maji. Kwa hiyo mtengenezaji akizichanganya nusu kwa nusu, polima huyeyuka kwa mwezi mmoja au miwili. Akitumia laktiki peke yake, huenda ikadumu mwaka au zaidi.

Kutengeneza chembe hizo si kazi ngumu kuielewa. Polima na dawa huyeyushwa pamoja katika dikloromethani, kisha mchanganyiko humiminwa katika maji yanayokorogwa kwa kasi. Kama mafuta ya kupikia yaliyotikiswa na maji, hujigawa kuwa matone madogo sana. Dikloromethani huvukiza, na kila tone hubaki kuwa chembe ngumu yenye dawa ndani. Kadiri kasi ya kukoroga inavyozidi, ndivyo chembe zinavyopungua ukubwa, hadi ziweze kupita katika sindano nyembamba.

Hapo ndipo hesabu ya darasani inapoanza kuwasumbua wataalamu. Kipenyo cha chembe kikipunguzwa mara 10, uzito uleule wa polima hutoa chembe 1,000 mahali pa moja, na jumla ya eneo la nyuso zake huongezeka mara 10. Dawa iliyo karibu na uso hutoka kwa mkupuo katika siku za kwanza, na akiba ya miezi hupungua. Chembe kubwa nazo zina shida yake: asidi inayozaliwa katikati huchelewa kutoka, huharakisha uvunjaji wa polima iliyobaki, na huweza kuziharibu dawa za protini. Tena jicho ni njia ya mwanga. Katika majaribio ya chembe zilizobeba dawa ya sunitinibu, zilizodungwa nyuma ya lenzi, baadhi ya wagonjwa walikutwa na chembe zilizotawanyika hadi chumba cha mbele cha jicho.

Kwa sababu hizo, polima hiyo ilifika kwa wagonjwa wa macho kwanza kwa umbo la kijiti, ambacho hakitawanyiki. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha kijiti chenye miligramu 0.7 za deksamethasoni na urefu wa milimita 6 hivi, kinachoingizwa kwa sindano na kuitibu retina iliyovimba kwa miezi kadhaa. Mwaka 2020 kilifuata kingine, cha glaukoma, chenye mikrogramu 10 tu za bimatoprosti. Kilipoidhinishwa kilielekezwa kutumika mara moja tu kwa kila jicho, kwa kuhofia seli za ndani ya konea, ambazo kwa binadamu hazizaliwi upya zikifa. Kijiti hicho huhifadhiwa katika jokofu, kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kwani polima inayovunjwa na maji ya jicho haipendi joto wala unyevu wa ghala. Leza ya Moshi haihitaji jokofu, ingawa yahitaji umeme, na mtu aliyefunzwa kuishika.