Gari Linaloonya, Dereva Anayesikia

Magari mengi yanayopita Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju yaliletwa nchini yakiwa yameshatumika Japani. Kwa kuwa Watanzania na Wajapani wote huendesha upande wa kushoto, gari halihitaji kubadilishwa usukani. Anayehitaji kubadilika ni dereva. Subaru ilianza kuuza mfumo wa EyeSight nchini Japani mwaka 2008, na Toyota ikafuata na Safety Sense mwaka 2015. Magari ya namna hiyo hutoa mlio, huvuta usukani na hata kushika breki yenyewe, na mara nyingi maandishi yake ni ya Kijapani.

Kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele husoma mistari ya barabara na maumbo ya watu na magari. Rada, kwa magari yaliyo nayo, aghalabu hufichwa nyuma ya nembo ya mbele. Kwa hiyo mistari iliyofutika, vumbi, mvua kubwa au jua la machweo huudhoofisha mfumo. Bodaboda anayechomoza ghafla kati ya daladala mbili anaweza asionekane kwa wakati. Kioo kikibadilishwa bila fundi kuilenga kamera upya, vipimo vyake huweza kupotoka.

Udhaifu wa pili umo katika ubongo. Wahudumu wa vyumba vya wagonjwa mahututi wanaujua: mlio unaorudiwa bila hatari ya kweli huzoeleka, hatimaye haushughulikiwi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husogea takriban mita 14 kila sekunde. Dereva anayepoteza sekunde moja akijiuliza maana ya mlio ameshapita urefu wa magari matatu, na kivuko cha wanafunzi kinaweza kuwa ndani ya umbali huo.

Wala mfumo hautibu usingizi. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, aliyemeza klofeniramini kwa ajili ya mafua, au mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini ambaye sukari yake imeshuka, hubaki hatarini hata ndani ya gari la kisasa. Ni vyema mtoa dawa amuulize mgonjwa kama huendesha, na mtumiaji wa insulini apime sukari kabla ya safari.

Kujizoeza kuanze gari likiwa limesimama. Dereva atafsiri maandishi ya dashibodi, atambue kila alama, na ajue swichi ya kuzima na kuwasha kila msaada. Kisha aendeshe kwenye barabara tulivu, akijifunza msaada mmoja baada ya mwingine. Usukani ukivuta, aushike imara bila kushtuka. Kwa kawaida nguvu ya mikono hushinda mvuto huo. Asiijaribu breki ya dharura kwa kumwelekea mtu, hata kwa mzaha.

Mguu wa dereva ndio breki ya kwanza. Mashine ni akiba tu.